Msalaba Juu ya Boma la Baba

Mbeya, Jumatatu 4 Oktoba 1976

Leo Bwana Lutengano katushushia mzigo. Ramani zote za bonde la Usangu, arobaini na kitu, zimetolewa kabatini na kurundikwa mezani. Anataka zisafishwe. "Kusafisha" ndilo neno lake. Nyumba zifutwe, maboma ya ng'ombe yafutwe, njia za ng'ombe zifutwe, ibaki mito, mifereji ya mradi wa mpunga na barabara ya matrekta.

"Wakubwa wakifungua ramani wanataka waone shamba," kasema. "Siyo vurugu za wafugaji."

Nikamwuliza, na watu wenyewe? Akanijibu watu si kazi ya wachora ramani, watu wana wenyewe.

Kazi kaigawa kwa alama. Mimi nimepewa nyumba, vile vijiraba vyeusi. Ambrosi Kalinga kapewa maboma, yale maduara. Njia za ng'ombe atafuta mzee mwenyewe. Kila karatasi itapita mikono mitatu, na kila mkono unafuta kitu kimoja tu kutoka ramani ya kwanza mpaka ya mwisho. Anasema hivyo jicho halichoki. Na kweli, ni haraka. Unaacha kuisoma ramani, unawinda miraba tu kama kuku anavyodonoa.

Alama moja hairuhusiwi kuguswa, msalaba mdogo wa kaburi. Agizo la mradi linasema mashine isipite juu ya kaburi la mtu.

Mvua bado. Wanasema mashine lazima zimalize kabla bonde halijawa tope.

Jumanne 5 Oktoba

Wino unaukwaruza kwa pembe ya wembe, taratibu, bila kuitoboa karatasi. Halafu raba. Halafu unga wa chaki, ili ukichora tena wino usitawanyike. Leo nimefuta watu wa karatasi nne. Naandika watu makusudi.

Alhamisi 7 Oktoba

Nimempiga Kalinga.

Huyu Mhehe wa Kihesa ana mdomo. Tangu asubuhi anapiga mluzi, na kila akimaliza duara anaimba, "Boma jingine la Msukuma, kwaheriii!" Mimi mwenyewe Msukuma, nikamwonya mara ya kwanza. Akasema, "Aa, dada Regina, utani huo, mbona mimi mnaniita mla mbwa sisemi?" Akakwaruza jingine, akaimba tena. Nikainuka nikamzaba kibao, kofi la kusikika mpaka kwa mpiga chapa. Akabaki kashika sikio, kaduwaa.

Bwana Lutengano katutisha wote wawili. Sijuti hata kidogo. Mkono wangu unawasha na roho yangu imetulia.

Jumamosi 9 Oktoba

Mvua bado. Kalinga hapigi mluzi tena.

Jumatano 13 Oktoba

Kidole kimeshonwa, naandika kwa tabu.

Karatasi ya leo ilikuwa ya kwetu. Niliijua kabla ya kusoma namba, kwa ule mkunjo wa mto na mibuyu mitatu. Mraba mmoja, nyumba ya kaka Nkuba, na ubavuni duara kubwa, boma. Nkuba anakaa pale na mama tangu tuhame Shinyanga na ng'ombe wetu. Baba alikufa palepale mwaka wa sabini na tatu.

Niliganda. Kalinga naye ana haraka, akaona mimi sijaanza, akaivuta karatasi upande wake na kuweka wembe juu ya duara. Sikufikiri. Niliurukia mkono wake, nikaukamata wembe kwa vidole. Damu ikamwagika Usangu yote.

"Una wazimu?" alipiga kelele. "Ni boma tu!"

"Baba yangu yumo humo!" nikamwambia. "Umesikia, mpumbavu wewe? Baba yumo humo ndani!"

Akanifunga kidole kwa leso yake. Nikamweleza huku nalia kwa hasira. Kwetu mwenye mji anazikwa ndani ya boma la ng'ombe, amefungwa kwenye ngozi ya dume lake. Hawekewi tuta. Hawekewi jiwe. Siku ileile ng'ombe wanarudishwa bomani, wanakanyaga na kukanyaga mpaka hata mwanawe hawezi kukuonyesha kichwa kiko wapi. Ndiyo heshima yake, alale chini ya mali yake. Sasa mpima ardhi alipopita na fimbo zake aliona ng'ombe, akachora duara. Makaburi ya Wakristo yenye misalaba yako kwenye ramani yote, hakuna atakayeyagusa. Baba zetu sisi tunawakwaruza pamoja na samadi.

Kalinga akautazama wembe wake. Halafu akasema, "Na mimi nimeshafuta mangapi?"

Sikumjibu. Ajijibu mwenyewe.

Alhamisi 14 Oktoba

Nimemwomba Bwana Lutengano tuweke msalaba pale kwetu. Kaburi lipo, agizo linalinda makaburi, tatizo liko wapi?

Akavua miwani. "Mpima hakuona kaburi."

"Angelionaje, mzee? Liko chini ya kwato."

"Basi, mwanangu, kaburi lisiloonekana halichoreki." Akacheka, akarudia tena kwa kuipenda sentensi yake. Nilitamani nimmwagie wino kwenye ule upara.

Ijumaa 15 Oktoba

Mzee alikwenda benki. Nilichukua kalamu, kidole kilichoshonwa kikakataa kukunjika, nikachafua ukingo wa mto. Kalinga akanisogeza kwa bega.

"Lete hapa. Utaharibu."

Akalikwaruza duara, kisha akauchora yeye, msalaba mdogo mweusi, katikati ya mahali duara lilipokuwa. Umenyooka kama wa chapa. Nyumba ya Nkuba nikaifuta mimi mwenyewe kwa mkono wangu, maana nyumba hujengwa tena.

Nikamwambia asante. Ni mara ya kwanza nasema neno hilo kwake.

Jumapili 17 Oktoba

Nimekwenda nyumbani kwa lori mpaka Igawa, kisha kwa miguu. Wamehamia pale ndugu wawili wa bonde la juu, wamefukuzwa. Mmoja anakojoa damu. Anasema walinzi wa mradi walifika na rungu asubuhi, hawakusalimia, wakaanza na mbwa, kisha chungu, kisha watu. Nyumba walizichoma baadaye.

Nkuba alikuwa akinoa shoka. "Na kwangu waje," alisema. "Nitampasua mmoja, wengine watajifunza adabu."

Nikamwambia, kaka, shoka haliwezi mashine. Nyumba itakwenda, na ng'ombe mtawahamisha. Lakini baba hataguswa, nimemwekea alama kwenye ramani ya serikali.

Mama alinitazama kama ndiyo kwanza ananizaa. Akanitemea mate kifuani kunibariki, akanichinjia jogoo. Hata Nkuba aliweka shoka chini, akasema, "Kumbe shule si hasara." Nimerudi Mbeya nimevimba kichwa.

Jumatano 20 Oktoba

Kufuta. Mvua bado.

Jumanne 26 Oktoba

Kufuta. Upepo tu, na vumbi kwenye wino. Kalinga kaniletea viazi kutoka kwao. Kumbe wazazi wake walishahama Kihesa, wanalima Nyololo. Si mtu mbaya. Ana kelele tu.

Jumatatu 1 Novemba

Tumemaliza. Ukizitandaza ramani zote chini, bonde ni jeupe kabisa. Unaweza kuapa hakuna aliyewahi kukohoa pale. Bwana Lutengano kazunguka akisema vizuri, vizuri. Alipofika karatasi yetu akasimama. Aliuona ule msalaba, nina hakika, miwani ilikuwa machoni. Akapita.

Jumatatu 8 Novemba

Nimekwisha.

Leo amekuja Didas, msimamizi wa mashine za mradi, kuchukua kopi. Jitu refu, sauti ya kutangazia mnada. Akawa anapekua huku anahesabu misalaba kwa sauti, na kila akiona mmoja anacheka.

"Makaburi haya!" akasema. "Mwaka jana kwenye shamba jingine walinitoa jasho. Kila nikiamka kuna kaburi jipya. Nikazunguka weee, nikaacha ekari kwa ekari. Siku moja trekta likateleza juu ya moja. Mnajua kulikuwa na nini? Magunzi! Wamefukia magunzi ya mahindi wakachomeka msalaba. Sasa nina dawa. Lenye tuta la zamani na majani yake, naliheshimu. Nikilitilia shaka, nalichungulia kwa katapila. Kama mtu yumo, tutamwomba radhi."

Mpiga chapa alicheka. Didas akabeba kopi zake. Nikamfuata nje mpaka kwenye gari lake.

"Lile la karibu na mibuyu mitatu ni la kweli," nikamwambia.

"Ndugu yako?"

"Baba yangu."

"Pole. Lina tuta?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Ningesema ndiyo tu! "Halina," nikasema, "ni desturi yetu, lipo ndani ya boma—"

Akaniangalia, tabasamu likamtoka polepole. "Ndani ya boma. Na wewe ndiye mchora ramani." Akapanda gari. "Haya, dada. Nitaanza na hilo."

Nimekimbia kwa Bwana Lutengano niruhusiwe kwenda. Kakataa, anasema nitaingiza ofisi matatani. Kalinga ana pikipiki ya shemeji yake. Tunaondoka kukipambazuka, ruhusa au hakuna ruhusa.

Jumapili 14 Novemba

Nimetoka mahabusu jana. Bora niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Tulichelewa. Pikipiki ilitoboka gurudumu mara mbili. Tulipoiacha barabara kuu tuliona vumbi, na kwenye vumbi moshi. Nyumba ya Nkuba ilikuwa inawaka tayari. Sikujali, nyumba ile nilishaifuta mwenyewe.

Boma lilikuwa bado. Ng'ombe wametolewa, wanalia kule mibuyuni. Katapila la manjano limesimama kwenye lango la miiba, juu yake dereva, kijana wa Kisafwa, Saulo, nimelijua jina baadaye. Mama kakaa chini katikati ya samadi, miguu kanyoosha. Nkuba kasimama mbele yake na shoka. Walinzi kama kumi na rungu wamewazunguka. Na Didas na ile kopi mkononi.

"Mama, nakuuliza kwa heshima," alikuwa anasema. "Kaburi liko wapi?"

"Unalikanyaga," mama akamjibu.

Didas akatazama viatu vyake. Samadi tupu. "Na hapa je?" Akaruka pembeni.

"Na hapo."

Walinzi wakaangua kicheko. Didas akapiga kopi kwa kidole. "Mnaona? Karatasi inasema kaburi, macho yanasema mavi ya ng'ombe. Magunzi tena haya!"

Hapo ndipo lilinijia wazo, na nilidhani ni akili. Ikiwa wanachimba kwa sababu ya msalaba, basi msalaba ufe. Wakiamini hapana kitu watasawazisha juu juu na kupita, baba atabaki chini ya mpunga, mzima. Nikakimbia nikipiga kelele, "Mimi ndiye niliyechora! Nilidanganya! Hakuna kaburi hapa, piteni tu! Hakuna mtu!"

Nkuba aligeuza kichwa. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu, na sitaki tena.

"Umesemaje?"

"Kaka, nyamaza, tafadhali—"

"Umesema hakuna mtu?"

Didas akakunja kopi. "Mmoja anasema yupo, mwingine anasema hayupo. Kwanza mtu anasema ni baba yake, leo si baba yake. Saulo! Chimba tumalize ubishi."

Walinzi wawili walimvuta mama kwa mikono, wakamburuza mpaka nje kama gunia, kanga ikamvuka. Kalinga alimrukia mmoja wao, akapigwa rungu la mdomo, akaanguka anatema meno. Bamba la chuma likashuka. Likasukuma samadi, likasukuma udongo mweusi, likarudi nyuma, likashuka tena. Mara ya pili likaja na ngozi. Ngozi ya dume jeusi la baba, imekauka, imekunjamana, na kwenye mkunjo wake mguu wa mtu.

Saulo alizima injini. Nataka hili liandikwe. Alizima mwenyewe, akavua kofia, akasema, "Mungu wangu, yumo." Alikuwa anashuka. Mguu mmoja ulikuwa umeshafika chini.

Nkuba hakumwona anavua kofia. Aliona tu mtu wa mashine. Shoka lilimwingia shingoni na begani, nikasikia mfupa. Saulo akakaa chini kama aliyechoka, akajaribu kulishika bega kwa mkono mwingine, damu ikampita kwenye vidole.

Wakamwangukia Nkuba wote. Kwanza rungu, kisha mateke, kisha kipini cha shoka lake mwenyewe. Mkono walimvunja, nikaona umekunjika pasipo na kiungo. Didas alikuwa anapiga kelele "Muueni! Muueni!" Niliokota jiwe. Nilimsogelea karibu nisikose, nikampiga nalo la kinywa, na alipoinama nikampiga tena. Ningemmaliza. Sisemi hivi kwa majuto, nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wakanivuta nywele, wakanikanyaga mgongo, na nikiwa pale chini, uso kwenye samadi, nilimwona mama. Hakuwa analia. Alikuwa anatambaa kwenye ule udongo uliochimbuliwa, anaokota. Anakusanya kwenye kanga.

Jumatatu 15 Novemba

Saulo amekufa hospitali. Ana mke na mtoto anayenyonya.

Jumatano 17 Novemba

Ni Bwana Lutengano aliyenitoa mahabusu. Aliwaambia polisi msalaba ule aliuidhinisha yeye. Uongo mtupu, na umemgharimu, kahamishiwa ghalani kuhesabu saruji. Mimi na Kalinga tumefukuzwa kazi.

Nilimkuta anafungasha rula zake. Nikamwuliza kwa nini.

"Niliuona, nikaupita," akasema. "Nikajisemea, acha binti amhifadhi baba yake. Wote tulidhani tunatenda wema, mwanangu." Mzee yule nilimtukana moyoni mwezi mzima. Leo nimempigia goti.

Jumamosi 20 Novemba

Nimekwenda gerezani kumwona Nkuba. Askari karudi peke yake. "Anasema hana dada. Anasema dada yake alimkana baba mbele ya watu."

Mashtaka ni ya kuua. Kila mtu ananiambia neno moja, kitanzi.

Jumanne 23 Novemba

Mama yuko kwangu. Kanga na kilichomo iko chini ya kitanda changu. Hatulali kitandani, tunalala chini, mmoja kila upande.

Jumamosi 27 Novemba

Mvua imefika. Imenyesha kutwa nzima, mito imefurika, mashine zimekwama Usangu kwenye tope. Nimesimama mlangoni nikaitukana mvua kwa Kisukuma na Kiswahili mpaka sauti ikakauka. Ulikuwa wapi, shetani wewe, wiki tatu zilizopita?

Jumatano 1 Desemba

Kalinga kaja, mdomo bado umevimba, anasema kama anatafuna kiazi cha moto. "Kwetu Nyololo kuna zizi. Ng'ombe wanane, si wengi. Nimemwuliza mama yangu. Anasema mzee aletwe."

Nikamwambia hatuna undugu. Akasema, "Nilifuta maboma mangapi, Regina? Wewe hukunijibu, na mimi sijajua mpaka leo."

Nilipomweleza mama aliuliza jambo moja tu. Hao ng'ombe, ni wa kwao wenyewe au wa kukodi? Ni wa kwao, nikamwambia. Akaanza kufunga kanga.

Nyololo, Jumapili 5 Desemba

Tumemzika leo.

Huku ni baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Mama yake Kalinga, mama Lea, alitupokea mlangoni. "Kamwene," akasema, akamkumbatia mama, na mama hajui Kihehe neno hata moja, akajibu kwa Kisukuma, na wakaelewana. Kalinga na baba yake walikuwa wamechimba tangu alfajiri, katikati ya zizi. Walikuwa wamechinja dume, ngozi mbichi imetandazwa. Nilisema hapana, ni mali nyingi sana. Baba yake akaniambia ninyamaze, mgeni halazwi bila shuka.

Mama alimpanga mwenyewe. Alijua kila mfupa unakaa wapi. Mmoja haukuwepo, wa kidole gumba, akautafuta kwenye mikunjo ya kanga mara tatu, kisha akaacha.

Tulipofukia, mama Lea akaleta msalaba wa mbao, Kalinga kaupiga randa vizuri. Mama Lea ni mlokole wa Kilutheri, kwake mtu hazikwi hivihivi. Akauliza marehemu aliitwa nani, waandike. Mama akauchukua kwa mikono miwili, akaupapasa, akamrudishia.

"Mwambie asante," akaniambia. "Mwambie aingize ng'ombe."

Ng'ombe wa watu waligoma. Walinusa udongo mpya, wakarudi nyuma. Kalinga akamvuta mmoja kwa pembe, jike lenye ndama. Akakanyaga. Wengine wakafuata. Wakazunguka, wakakojoa, wakalala. Kufika jioni huwezi kujua tumechimba wapi.

Mama alisimama kwenye uzio muda mrefu akilitazama zizi, upande huu, upande ule, kama mtu anayepima chumba. Nikadhani anaagana naye.

"Ni dogo," akasema, "lakini hapa kando panatosha mtu mmoja. Waambie wasichimbe nguzo hapa. Hapa ni pa Nkuba."

Nimeulizia. Gereza halirudishi mwili wa aliyenyongwa, linazika lenyewe, na halimwambii mtu ni wapi.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Nitawaambia."